Noeli: wazazi wetu wanatufundisha nini nyumbani?



Noeli iko karibu. Desturi ya gazeti letu ni kuandika kila mwaka habari ya mtoto Yesu, na nyinyi wote munaijua. Mara hii tumependa kuandika neno lingine, kwa sababu ya jambo lililotokea katika kalasi yetu. Jambo lile lilituletea haya, lakini limetufundisha.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Tulikuwa tukizungumza juu ya sikukuu. Mmoja alisema baba yake amemwahidi viatu vipya. Mwingine alisema mama yake anafuga kuku wawili kwa ajili ya ile siku. Mwenzetu mmoja alikaa kimya. Tukamwuliza: "Na weye, kwenu munapikaka nini ku Noeli?" Akajibu polepole: "Kwetu hatufanyaka Noeli." Wazazi wake ni Mashahidi wa Yehova. Sisi tukacheka, na mmoja wetu akasema: "Kumbe nyinyi muko bapagano!" Mwenzetu akaondoka, akaingia kalasi peke yake. Katika kipindi kilichofuata hakuinua kichwa.

Mwalimu wetu wa dini alikuwa amesikia. Hakutugombeza. Alituuliza maulizo matatu tu. La kwanza: Ni nani aliyewafundisha Noeli? La pili: Biblia inasema Yesu alizaliwa tarehe gani? La tatu: Wenye hekima waliotoka mashariki walikuwa wangapi?

Kwa ulizo la kwanza tulijibu: "Ni wazazi." Kwa la pili tulipaaza sauti: "Tarehe 25 Desemba!" Kwa la tatu: "Watatu!" Basi akasema: "Fungueni Matayo sura ya 2 na Luka sura ya 2, munionyeshe." Tulitafuta mpaka kengele ikalia. Hatukuona tarehe. Hatukuona hesabu ya wenye hekima. Zawadi ndizo zilikuwa tatu. Tena Matayo anasema waliingia katika nyumba. Habari ya chombo cha kulishia wanyama, na ya wachungaji wa kondoo, iko kwa Luka.

Hapo tulinyamaza. Tulikuwa tumemcheka mwenzetu juu ya neno ambalo sisi wenyewe hatukulijua. Kwa hiyo tulikwenda kuuliza wazazi wetu, na tulisoma vitabu. Haya ndiyo tuliyopata.

1. Wazazi wanafundisha kwa njia gani?

Tuliona ya kwamba wazazi wengi wanafundisha Noeli kwa mikono kuliko kwa kinywa. Mama anapima kitambaa cha nguo mpya, baba anatafuta feza, nyama inapikwa, watoto wanakwenda kanisani kuimba katika korali. Mtoto anaona yote, naye anajua: hii ni siku kubwa. Lakini kama hakuna mtu anayemwambia maana yake, anajifunza ya kuwa Noeli ni nguo na chakula. Mwaka ule baba anakosa feza, mtoto yule atasema: "Mwaka huu hakuna Noeli." Sisi wenyewe tumekwisha kusema vile.

Wazazi wengine wanafundisha kwa kinywa pia. Magaribi ya tarehe 24 wanakusanya watoto, wanasoma Luka, wanaomba. Hii si desturi mpya. Katika Kutoka sura ya 12 Musa anaonyesha Waisraeli ya kwamba watoto watawauliza maana ya Pasaka, na wazazi wanapaswa kuwajibu. Chakula kiko pale, lakini jibu nalo liwe pale. Tena Paulo, alipomwandikia Timoteo barua ya pili, alikumbuka imani ya nyanya yake Loisi na ya mama yake Eunike. Hakutaja shule.

Wazazi wengine wanafundisha njia ingine kabisa. Mashahidi wa Yehova wanasema Biblia haikuagiza kufanya sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu, na kwa hiyo hawaifanyi. Wandugu Wakimbangu siku hizi wanafanya Noeli tarehe 25 Mei. Ni siku aliyozaliwa Salomon Dialungana, mwana wa pili wa Simon Kimbangu, mwaka 1916. Waislamu, kama wale wa Kasongo katika Maniema, hawana Noeli, lakini watoto wao wanajifunza habari ya kuzaliwa kwa Isa katika sura ya 19 ya Kurani, inayoitwa Maryamu. Wote hawa wanapendana na watoto wao sawasawa na wazazi wetu. Hawakuwanyima kitu kwa ubaya.

2. Tarehe 25 Desemba imetoka wapi?

Wakristo wa kwanza walishika zaidi sikukuu ya Pasaka. Habari ya zamani sana juu ya tarehe 25 Desemba inapatikana Roma, katika orodha iliyoandikwa ndani ya kitabu cha mwaka 354. Wataalamu wanafikiri orodha yenyewe ilianza mwaka 336. Ni miaka zaidi ya 300 nyuma ya kuzaliwa kwake Yesu.

Juu ya nini walichagua siku ile? Wataalamu hawapatani. Wengine wanasema Waroma walikuwa na sikukuu ya jua siku zile, na Wakristo walitaka kuonyesha kwamba nuru ya kweli ni Kristo. Wengine wanasema Wakristo walihesabu miezi tisa kutoka tarehe 25 Machi, siku waliyofikiri Maria alichukua mimba. Upande wa mashariki makanisa mengi yalishika tarehe 6 Januari, na Waarmenia wanaishika mpaka leo. Wandugu wa Etiopia, na Wakopti wa Misri, wanafanya Noeli tarehe 7 Januari, kwa sababu wanafuata kalendari ya zamani.

Neno lililotushangaza zaidi ni hili: Waprotestanti wenyewe waliwahi kukataza Noeli! Katika Uingereza, mwaka 1647, Bunge la wale walioitwa Wapuritani lilikataza sikukuu hii, kwa kuwa haikuagizwa katika Biblia. Katika Massachusetts, kule Marekani, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza shilingi tano mtu aliyeifanya, mpaka sheria ile ikaondolewa mwaka 1681. Na katika Scotland, inchi ya Waprotestanti wengi, siku ya Noeli haikuwa siku ya mapumziko ya Serikali mpaka mwaka 1958.

Basi tulipomwita mwenzetu mpagano, tuliwaita wapagano hata baba zetu wengi katika imani.

3. Mwaka 1974 katika inchi yetu

Wadogo wengi hawajue ya kwamba hata katika inchi yetu Noeli iliondolewa katika kalendari. Ilikuwa wakati inchi iliitwa Zaire. Rais Mobutu alianzisha siasa ya Authenticité, maana yake kurudia asili yetu. Mwaka 1972 raia walilazimishwa kuacha majina ya kigeni, yale tunayoyaita majina ya ubatizo, na kuchukua majina ya wankambo. Mwaka 1974 Serikali iliamuru kwamba tarehe 25 Desemba si siku ya mapumziko tena. Kisha, mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 1975, Serikali ilitwaa mashule ya makanisa, na somo la dini likaondolewa. Pahali pake wanafunzi walifundishwa mafundisho ya chama, MPR.

Tuwaze kidogo. Kalendari haisemi Noeli. Mwalimu hana ruhusa ya kufundisha Biblia katika kalasi. Jina la Yoane ao Maria haliandikwe katika kitabu cha shule. Sasa ni nani atakayemfundisha mtoto?

Nyanya wa mmoja wetu alikuwa msichana wakati ule. Alituambia hivi: "Ile Noeli ya 1974 ilikuwa siku ya Jumatano. Baba alienda kazi kama siku zote. Hatukuwa na nguo mpya. Magaribi alirudi, akanawa mikono, akafunga mulango, akachukua Biblia. Ku shule waliniitaka jina la nkambo, na mimi nililipenda, ni jina letu. Lakini ile magaribi baba aliniita jina la ubatizo, polepole. Mimi nilijua ni Noeli."

Tulimwuliza: "Nyanya, ulikuwa na huzuni?" Akasema: "Hapana. Ile Noeli njo ninakumbukaka kuliko zote."

Serikali haikuweza kuendesha mashule yote peke yake. Tarehe 26 Februari 1977 ilipatana tena na makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Mapatano yale ndiyo msingi wa mashule yanayoitwa conventionnées, na shule yetu ni mojawapo. Somo la dini likarudi, na leo tarehe 25 Desemba ni siku ya mapumziko tena. Lakini tusisahau: ile miaka shule ilipofungwa kinywa, imani ilipita kwa wazazi. Serikali inaweza kuondoa siku katika kalendari. Kwa baba aliyefunga mulango wake na kufungua Biblia, hakuna kilichoondolewa.

4. Papa Noeli na jibu la kweli

Kuna jambo lingine, zaidi katika miji. Wazazi wengine wanawaambia watoto kwamba zawadi inaletwa na Papa Noeli, mzee wa ndevu nyeupe. Asili yake ni mtu wa kweli, Nikola, aliyekuwa askofu wa Mira, katika inchi inayoitwa leo Uturuki, miaka ya 300. Wabeljiji wanamfanyia sikukuu tarehe 6 Desemba na kuwapa watoto zawadi. Hadisi zingine zilikuja kuongezwa nyuma.

Sisi hatusemi ya kwamba kucheza na watoto ni zambi. Lakini mmoja wetu alitueleza hivi. Alipokuwa na miaka saba aliona mama yake akificha zawadi ndani ya kapu chini ya kitanda. Akajua Papa Noeli ni mama. Alilia, si juu ya zawadi. Aliuliza: "Mama, na Yesu naye ni weye?" Mama yake alikaa kimya kwa kitambo, kisha akamwambia: "Mwanangu, hapana. Papa Noeli ni muchezo, na nilikosa kutokukuambia. Yesu mimi ninamwomba kila siku, hata wakati hunione."

Tunaona jibu lile ni zuri. Mtoto hawezi kupima neno kwa neno; anampima yule anayemwambia. Kama amemkuta na uongo katika neno dogo, ataogopa kumwamini katika neno kubwa. Kwa hiyo ni afazali mzazi aseme "Sijui, tutafute pamoja", kuliko kusema tarehe ao hesabu ambayo Biblia haikuandika. Wazazi wetu wengi hawakupata masomo kama sisi, na hawana kosa kwa hiyo. Lakini "sijui" ya baba mwenye kuomba inafundisha kuliko jibu la haraka la mtu asiyeomba.

5. Basi tufanye nini?

Kwa sisi wanafunzi: Noeli hii tuulize wazazi wetu kwa heshima, si kwa kuwashinda. Tusirudi nyumbani na kusema: "Mama, wenye hekima hawakuwa watatu, ulitudanganya!" Tumwombe atueleze namna yeye alivyofundishwa na mama yake. Tena, baada ya miaka michache sisi wenyewe tutakuwa wazazi. Mtoto atatuuliza, naye hatangoja tutafute kitabu.

Kwa wazazi na walimu watakaosoma gazeti hili: tunawaomba musituachie shule peke yake. Vipindi vya dini katika juma ni vichache. Nyumba ina magaribi saba.

Na juu ya yule mwenzetu: tulikwenda kwake sisi wote, tukamwomba musamaha. Alitusamehe. Tulimwuliza kama anajua maandiko yale ya Luka sura ya 2, aliyotutafutisha mwalimu. Alianza kuyasema kwa kichwa, bila kitabu, tangu habari ya kuandikwa kwa watu mpaka wachungaji waliporudi kwa kondoo zao. Hakukosa hata neno. Tukasema: "Nani alikufundisha?" Akasema: "Ni baba. Anatusomeaka Biblia kila magaribi."

Kati yetu sisi tunaofanya Noeli, hakuna hata mmoja aliyeweza kufika katikati.

Tunawatakia Noeli njema nyinyi wote munaoifanya, na amani ya Mungu kwa nyumba zote, hata zile ambazo siku ile watapika sombe kama siku zote.

Sisi wa kikundi cha gazeti.