Wanaotumwa Roma: Mila na Desturi za Wasomi wa Teolojia

Mapadre, watawa na walei wa Afrika Mashariki na Kongo wanaosomea shahada za juu za teolojia mjini Roma ni jumuiya yenye mila zake. Wametawanyika katika vyuo vya kipapa: Gregoriana, kilichotokana na Chuo cha Kirumi cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola cha mwaka 1551, Urbaniana, chenye asili katika Chuo cha Urbano cha 1627, Taasisi ya Biblia iliyoanzishwa na Papa Pio X mwaka 1909, na Angelicum cha Wadominikani. Nyumbani wanasemwa mengi. Wapo wanaodai kwamba padre akipelekwa Roma ameenda kupumzika, na wapo wanaopiga hesabu kwamba akirudi atapewa uaskofu. Maneno hayo huzaliwa na kutojua. Mila za jumuiya hii, karibu zote, zinafundisha jambo moja: elimu hii si mali ya anayeipata. Amekabidhiwa, naye ataitolea hesabu mbele za watu.

Mila ya kwanza ni kutumwa. Padre wa jimbo hajipeleki. Askofu humwita na kumweleza hitaji: seminari kuu haina mwalimu wa Maandiko Matakatifu, au hakuna wa kufundisha maadili. Kisha humpa fani, naye huipokea hata kama moyo wake ulikuwa kwingine. Mtawa hutumwa na mkuu wa shirika lake, na mlei huja na barua ya viongozi wa Kanisa inayoshuhudia mwenendo wake. Mtu aliyezoea vyuo ambako kila mmoja hujichagulia somo huona hapo pana kunyimwa uhuru. Haoni upande wa pili, kwamba anayetumwa hasomi kwa faida yake. Parokia humwombea, jimbo humtafutia mfadhili, na mwanafunzi anayejua hayo hapotezi mwaka kwa urahisi.

Ngazi za masomo zimewekwa na sheria ya Kanisa. Papa Yohane Paulo II aliipanga katika katiba ya kitume Sapientia Christiana ya mwaka 1979, na Papa Fransisko akaihuisha kwa Veritatis Gaudium, aliyoitia saini Desemba 2017. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitano ikihesabiwa pamoja na falsafa, na mapadre wengi huwa wameimaliza nyumbani, katika seminari kuu. Ngazi ya pili, licensiati, huchukua miaka miwili, nayo ndiyo humpa mtu sifa ya kufundisha seminari kuu. Udaktari hufuata, bila muda mmoja kwa wote, na ndio hufungua mlango wa kufundisha katika kitivo.

Kabla ya yote hayo kuna lugha, na hapa pana hasara inayostahili kuombolezwa. Padre wa Bukoba aliyefika Roma katika miaka ya 1950 alikuwa amekinywa Kilatini tangu seminari ndogo. Aliketi benchi moja na Mfaransa, Mpolandi na Mwitaliano, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwenye lugha. Mwaka 1962 Papa Yohane XXIII aliagiza kwa hati ya Veterum Sapientia kwamba masomo makuu yaendelee kufundishwa kwa Kilatini, lakini haikupita miaka mingi Kiitaliano kikashika nafasi. Leo Mwitaliano yuko kwao, na Mwafrika huanza kwa miezi ya kujifunza lugha, wengi wakipelekwa Perugia. Kilatini kimebaki somo la kufaulu, pamoja na Kigiriki na Kiebrania kwa wanaosomea Biblia. Mabadiliko hayo yamesifiwa kuwa wepesi. Kwa aliyetoka mbali, usawa uliokuwepo darasani umekwenda na Kilatini.

Iliyobaki imara ni desturi ya mtihani wa mdomo. Mwishoni mwa muhula wanafunzi hupanga foleni nje ya mlango wa profesa, wakinong'onezana maswali aliyoulizwa aliyetoka. Ndani kuna meza, viti viwili na dakika chache tu. Profesa huuliza, mwanafunzi hujibu, swali la pili huzaliwa na jibu la kwanza, na alama huandikwa. Mtihani wa jumla wa kufunga ngazi ni mzito zaidi: mtahiniwa huandaa orodha ndefu ya mada zinazogusa teolojia yote, asijue atakutana na ipi. Katika Taasisi ya Biblia kuna pia lectio coram, ambapo mwanafunzi wa udaktari hutoa somo mbele ya tume ya maprofesa na kuulizwa papo hapo.

Waliolelewa katika mitihani ya kuandika, urithi wa Waingereza, husema kwamba mtihani wa mdomo ni kukariri tu. Si kweli. Aliyekariri huumbuka katika swali la pili. Mtihani wa karatasi humruhusu mtu kulizunguka asilolijua, lakini uso wa mwalimu aliye umbali wa meza moja haumruhusu. Desturi hii si ngeni hata kidogo kwa kijana aliyekulia mahali ambapo neno hupimwa barazani mbele ya wazee. Anajua kwamba anayesema ukweli hana budi kuweza kuusema kwa kinywa chake, akiulizwa na aliyemzidi. Imani yenyewe ilipokelewa hivyo, kwa kusikia na kujibu.

Maisha ya nje ya darasa yana taratibu zake. Mapadre wa majimbo hukaa katika makolegio, mojawapo likiwa la Mtakatifu Petro katika kilima cha Gianicolo, na masista hukaa katika nyumba za watawa. Wasemao Kiswahili hukutana kwa Misa na chakula, na unga wa polenta hupikwa ugali, wa njano lakini ugali. Krismasi na Pasaka mapadre huenda parokiani kusaidia kuungamisha, na wakati wa kiangazi wengine hushika zamu za maparoko wa Ujerumani walio likizoni, wakitafuta pia nauli na fedha za vitabu. Hapo ndipo linapokomea pumziko linalosemwa.

Kilele ni kuitetea tasnifu. Kwa miaka kadhaa mwanafunzi amepeleka sura moja moja kwa msimamizi wake, akirudishiwa kurasa zilizojaa masahihisho. Sheria inadai kazi hiyo iongeze kitu cha kweli katika elimu, na kwamba ijadiliwe hadharani. Siku hutangazwa, na mlango huwa wazi kwa yeyote. Mwenyekiti huketi na msimamizi na mtahini wa pili. Mtetezi hueleza kazi yake, kisha hukosolewa mbele ya ndugu zake, naye hushukuru kwa kila kosa analoonyeshwa kabla ya kujibu. Hilo la kushukuru si adabu tupu. Ni kukiri kwamba ukweli ni mkubwa kuliko mtetezi wake.

Baada ya kikao wahudhuriaji husubiri majaji washauriane. Matokeo yakisomwa, ukumbi uliojaa Watanzania, Wakenya na Wakongo hulipuka. Vigelegele hupigwa, wimbo wa shukrani huanzishwa na sauti ya sista mmoja, na daktari mpya huvishwa kitenge. Baadhi ya wenyeji huona kelele hizo hazifai mahali pa elimu. Hawajui kwamba hapo hakushangiliwi mtu mmoja. Hushangiliwa mama aliyebaki kijijini, katekista aliyemfundisha sala za kwanza na askofu aliyetoa padre wake wakati parokia zilikuwa na upungufu wa mapadre. Ukumbi unaoshangilia hivyo umeelewa maana ya udaktari kuliko ukumbi unaopiga makofi ya heshima na kutawanyika.

Hata hivyo shahada bado haijakamilika. Tasnifu, au walau sehemu yake kuu, lazima ichapishwe. Padre Karol Wojtyła, baadaye Papa Yohane Paulo II, aliitetea tasnifu yake Angelicum mwaka 1948 kwa alama za juu, lakini hakuweza kugharamia uchapaji, hivyo hakupewa udaktari huko. Aliupata Kraków. Wengi huliona sharti hili kuwa mzigo kwa maskini, na kwa kweli ni mzigo. Lakini nia yake ni njema: kilichogunduliwa kwa ajili ya Kanisa kisifungiwe kabatini.

Ni katika kurudi nyumbani ambapo mila hizi zinatetereka. Laurean Rugambwa alisomea Sheria za Kanisa Roma, akawa askofu, na mwaka 1960 Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Mfano wake umelisha dhana kwamba Roma ni ngazi ya cheo. Mfano wa Charles Nyamiti unastahili kukumbukwa zaidi. Padre huyu wa Tabora alipata udaktari Louvain nchini Ubelgiji, si Roma, lakini alirudi akafundisha katika seminari kuu ya Kipalapala na kisha Nairobi, na mwaka 1984 akatoa kitabu kuhusu Kristo kama Mhenga wetu. Alibaki mwalimu hadi uzeeni. Siku hizi wapo madaktari wanaokabidhiwa fedha na majengo ya jimbo, na kile walichotumwa kukitafuta hakimfikii mwanafunzi hata mmoja.

Jambo la kusikitisha zaidi ni lugha ya kazi zenyewe. Tasnifu nyingi zimeandikwa kuhusu ndoa, mizimu, ukoo na jumuiya ndogo ndogo za Afrika, zikalala rafuni kwa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Mzee aliyehojiwa kijijini hawezi kuzisoma, wala katekista anayeyakabili maswali hayo kila Jumapili. Sharti la kuchapisha linatimizwa kwa herufi, lakini nia yake haitimizwi. Majimbo yana uwezo wa kuongeza desturi moja: kila anayerudi na udaktari aandike kijitabu cha Kiswahili chenye matunda ya utafiti wake, na akifafanue parokiani kwake, aulizwe maswali na waliomtuma. Mtihani huo wa mdomo ndio uliokosekana.