Programu yako iko tayari, lakini Windows inasema ni hatari

Chukulia umekesha miezi mitatu katika chumba chako cha kupanga Amalemba, mjini Kakamega, ukiandika programu ya kuhesabu stoki. Mteja wako wa kwanza ni mama mwenye duka la agroveti. Unachomeka flashi kwenye kompyuta yake, unabofya mara mbili, halafu boksi la samawati linajaa kwenye skrini: programu hii haitambuliki.

"Mwanangu, umeniletea virusi?" mama anauliza.

"Hapana, mama. Ni vile tu haina..." Unakwama. Haina nini?

Haina saini. Hapo ndipo vijana wengi waliojifunza kuandika msimbo, wawe ni wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro (MMUST) ama wa YouTube usiku bando likiwa bei nafuu, hugundua kwamba programu kukubali kwenye laptopu yako ni nusu tu ya safari.

Boksi hilo hutoka kwa SmartScreen, mlinzi wa Windows. Yeye huangalia ikiwa faili ina saini ya kidijitali ya aliyeiunda, na ikiwa watu wengi wameshaipakua bila shida. Programu mpya ya kijana asiyejulikana haina yote mawili. Saini hupatikana kwa kununua cheti kwa kampuni zinazotambuliwa, na bei huhesabiwa kwa dola. Tena tangu Juni 2023, ufunguo wa cheti hicho hauruhusiwi kukaa kwenye kompyuta kama faili ya kawaida. Lazima uhifadhiwe katika kifaa maalumu, mfano tokeni ya USB.

Ukitaka programu iingie kwa Mac pia, Apple inadai dola 99 kila mwaka, na faili yako lazima ipitie ukaguzi wao kwanza. Linux haikuitishi pesa, ila utachagua uifunge vipi: deb, AppImage ama Flatpak. Ndiyo maana ule usemi wa "andika mara moja, itembee kila mahali" una uongo ndani yake. Msimbo unaweza kuwa mmoja, lakini kila mlango una bawabu wake.

Kuna njia za mkato zilizo halali. Programu ikipitia Microsoft Store ikiwa imefungwa kwa mfumo wa MSIX, Microsoft yenyewe huitia saini. Wanaotumia Python na PyInstaller hukuta antivirusi ikiwashuku bure. Faili kama hiyo unaweza kuituma kwa Microsoft ichunguzwe bila malipo. Usimwambie mteja azime antivirusi. Akizoea kuzima leo kwa sababu yako, kesho atazimia mwizi.

Bawabu wa pili ni leseni, na huyu hatokei kwenye skrini. Vipande vingi tunavyopakua bure vina masharti. Leseni ya MIT ni mpole: tumia, uza, mradi usifute jina la mwenyewe. GPL ni kali: ukimpa mteja programu iliyojengwa juu yake, lazima awe na haki ya kupata msimbo wako wote, na kuusambaza akitaka. Mfano mzuri ni PyQt, inayotolewa kwa GPL ama leseni ya kulipia. Ndugu yake PySide hufanya kazi karibu ileile, lakini iko pia chini ya LGPL, ambayo hukuruhusu kuuza programu bila kuanika msimbo wako, ukifuata masharti yake. Kuchagua kati ya hizo mbili siku ya kwanza ni dakika tano. Kubadilisha baada ya miezi mitatu ni kilio.

Sasa turudi kwa mama wa agroveti, maana hapa ndipo wengi huchomeka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, sawa na riwaya. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Yaani mama akikuagiza umuundie, akulipe, na msiandikiane kitu, programu ni yake. Ukiiuza kwa duka la pili kule Mumias, unauza mali ya mwenyewe.

Dawa yake ni karatasi moja: msimbo unabaki wangu, wewe unanunua leseni ya kuutumia kwa kompyuta kadhaa, kwa muda fulani, na masasisho ni bei hii. Msome pamoja, muweke sahihi, kila mtu abaki na nakala.

Fanya hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo. Na siku ya kusakinisha, mweleze mama mapema kuhusu lile boksi la samawati, kabla hajaliona mwenyewe.