Mkono unaonyooshwa mnadani unyooshwe na shuleni

Ukitaka kuwaona wananchi wa Newala na Masasi, mkoani Mtwara, wakifanya uamuzi mzito hadharani, nenda kwenye mnada wa korosho. Msimu hufunguliwa Oktoba. Bei za wanunuzi husomwa mbele ya wote, wakulima husikiliza, kisha huulizwa kama wanauza au hawauzi. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei walizoletewa. Mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuinunua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo. "Hapana" ya mkulima ilifika Ikulu.

Ukali huo huenda wapi siku mkutano wa kijiji unapojadili fedha za shule?

Nauliza kwa sababu miezi ya mnada ndiyo miezi ya bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, lakini mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, ili yapite kwenye kata na kufika halmashauri kabla ya madiwani kupitisha bajeti. Kijiji kinachosubiri Mei ndipo kidai darasa au tangi la maji kimekwisha kuchelewa.

Sheria imempa nani neno la mwisho

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu katika mambo ya kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana nafasi humo, na mkutano unapaswa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu.

Shuleni nako ipo kamati ya shule, yenye wazazi ndani yake. Kamati hizo zilipewa nguvu kubwa wakati wa urais wa mwana wa ardhi hii, Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza kupeleka fedha hadi kwenye akaunti za shule, kamati zikishiriki kupanga matumizi.

Chini ya elimu bila malipo iliyoanza 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh6,000 huenda shuleni na Sh4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 600 hupata Sh3.6 milioni, sawa na Sh300,000 kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, michezo na ukarabati.

Fedha ndogo namna hiyo haivumilii jengo linalokula hela kila mwezi. Ndiyo maana napenda tubadili tunachokipigia kura. Tumezoea kuulizwa kama tunataka darasa, na nani atakataa darasa? Tuulizwe pia litagharimu kiasi gani kuliendesha kwa miaka 30.

Joto, maji na moshi

Mwishoni mwa 2021 nchi ilijenga madarasa 15,000, kila moja kwa Sh20 milioni. Vijijini ziliundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Wananchi wakahesabu mifuko ya saruji na nondo, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ramani ilikuja imekwisha kuchorwa.

Masasi, chini ya vilima vyake vya mawe, saa nane mchana bati lisilo na dari hulifanya darasa kuwa tanuri. Dari, madirisha mapana pande zote mbili, veranda na miti ya kivuli ni gharama ya kulipa mara moja, ilhali umeme wa feni na wa taa za mchana hulipiwa mwaka hadi mwaka.

Newala shida ni maji. Uwanda wa Makonde uko juu, mchanga wake hunywa mvua, na kwa vizazi kina mama wameshuka mabondeni na ndoo kichwani. Mradi wa Maji wa Makonde husukuma maji kupanda mlima, na kuyapandisha kunahitaji nishati. Lakini juu ya kila darasa lipo bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Darasa la mita 9 kwa 7 likipata milimita 800 kwa mwaka hupokea lita 50,400. Bila mifereji na tangi, zote huishia mchangani.

Kisha jiko. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mtwara ni mkoa wa gesi asilia ya Mnazi Bay, lakini gesi ya mtungi huagizwa nje na hununuliwa kwa fedha taslimu. Nani atalipa mtungi wa pili na wa tatu? Swali hilo liulizwe kabla jiko halijafungwa.

Tufanye nini

Katika jimbo la New York, Marekani, bajeti za shule nyingi huletwa kwa wapigakura Jumanne ya tatu ya Mei, nao wanaweza kuzikataa. Sisi hatuhitaji kuiga. Tunao mkutano wetu.

Mwenyekiti wa kijiji, weka taarifa ya mapato na matumizi ya shule kwenye ajenda ya mkutano wa Novemba, na uibandike kwenye mbao za matangazo. Mwalimu mkuu, leta makadirio ya kuendesha jengo pamoja na ya kulijenga. Mama unayejua uzito wa ndoo na wa mzigo wa kuni, usikae nyuma ukaachia wengine waseme. Na kila linalopitishwa liandikwe kwenye muhtasari, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkulima wa korosho haruhusu mtu auze hata kilo yake moja bila ridhaa yake. Asiruhusu basi bajeti ya shule ya mwanawe ipite bila yeye kuulizwa.