Ufuta na Mzio wa Watoto Wachanga

Ufuta ni zao la kale, na kwa wakulima wa Lindi na Mtwara ni chanzo kikubwa cha fedha. Mbegu zake hukamuliwa mafuta, hunyunyizwa juu ya mkate, na katika nchi za Mashariki ya Kati husagwa zikawa rojo liitwalo tahini. Kwa walaji walio wengi chakula hiki ni salama tena chenye lishe. Lakini wapo watoto wachache ambao kijiko kimoja tu cha ufuta huweza kuyatia maisha yao hatarini.

Jinsi Mwili Unavyokosea

Hali hiyo huitwa mzio. Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na vijidudu vya maradhi. Katika mzio, kinga hiyo huidhania protini ya chakula kuwa adui, ikatengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo zilitambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1960. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli maalumu zilizomo katika ngozi, njia ya hewa na utumbo. Mtoto alapo ufuta tena, protini yake hunaswa na kingamwili, na seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine. Ngozi huvimba na kuwasha, tumbo husokota, njia ya hewa hubana, na shinikizo la damu huweza kushuka ghafula. Hatua hii ya mwisho ndiyo mshtuko wa mzio.

Protini za ufuta hustahimili moto, hivyo kukaanga mbegu hakuondoi hatari. Mbegu nzima huweza kupita tumboni bila kusagika. Kwa sababu hiyo mtoto aliyekula mkate wenye ufuta bila kudhurika huenda akadhurika kwa ufuta uliosagwa. Mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani nayo hubakiwa na protini.

Ukubwa wa Tatizo

Nchini Israeli, ambako tahini ni chakula cha kila siku, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ufuta ulikuwa wa pili, baada ya maziwa ya ng'ombe, kwa kusababisha mshtuko wa mzio kwa watoto wachanga. Nchini Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba watu wapatao 2 katika kila 1,000 wana mzio huu. Tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria ya nchi hiyo inawalazimu watengenezaji kuutaja ufuta katika maandishi ya pakiti. Watoto wapatao 20 hadi 30 tu katika kila 100 wenye mzio huu hupona wakikua.

Je, Mtoto Anyimwe Ufuta?

Zamani wazazi walishauriwa kuchelewesha vyakula vya aina hii. Ushauri huo umebadilika. Mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha kwamba watoto waliokuwa katika hatari kubwa, wakilishwa karanga tangu utotoni, walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Kuhusu ufuta ushahidi haujafikia uzito huo, ila hakuna sababu ya kumnyima mtoto mwenye afya aliyekwisha anza kula vyakula vya kulikiza. Apewe uliosagwa laini, kidogo kidogo, mchana, akiwa chini ya uangalizi. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyekwisha dhuriwa na chakula kingine, aonwe na daktari kwanza.

Dalili na Hatua

Dalili nyingi hutokea katika dakika chache hadi saa mbili: mabaka yenye mwasho, midomo kuvimba, kutapika mara kwa mara, kukohoa, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kulegea. Akionyesha dalili za kifua au kulegea, apelekwe hospitali mara moja, akiwa amelazwa. Ikiwa anapumua kwa shida aachwe akae, lakini asisimamishwe. Dawa ya kwanza ni adrenalini, nayo hudungwa katika msuli wa paja. Vidonge vya kutuliza mwasho haviwezi kuchukua nafasi yake.

Mzazi aliyeambiwa na daktari kwamba mwanawe ana mzio wa ufuta hana budi kuwaarifu bibi, yaya, mwalimu na majirani. Mtoto mdogo hupewa chakula na mikono mingi, na mkono mmoja usiojua watosha kuleta msiba.