Nusukaputi yenye masharti

Katika mtaa wa Acton, magharibi mwa London, palikuwa na chuo cha udereva, na nyuma yake kampuni ndogo ya dawa, Dream Pharma. Ni kutoka hapo ambapo mwaka 2010 magereza ya Marekani yaliagiza thiopental, dawa ya nusukaputi, ili kuwaulia waliohukumiwa kifo.

Serikali tajiri ilifikaje uani kwa walimu wa udereva? Dawa iliadimika. Hospira, mtengenezaji pekee aliyebaki Marekani, alikwama kwa kukosa malighafi, akapanga kuhamishia kazi kiwandani kwake Italia. Wabunge wa huko wakataka ahadi kwamba hakuna kichupa kitakachoishia gerezani. Hospira hakuweza kuahidi, na Januari 2011 akaacha kabisa kuitengeneza. Madaktari wa nusukaputi nao wakaikosa.

Magereza yakageukia dawa nyingine, pentobarbital ya Lundbeck, kampuni ya Denmark. Hawa hawakufunga kiwanda. Julai 2011 walibana njia: dawa ikawa inapita kwa msambazaji mmoja, kila oda ikikaguliwa, mnunuzi akitia saini kwamba hataiuza kwa mwingine. Ufundi wote uko hapo, kwenye mkataba wa usambazaji, wala si kwenye matamko ya haki za binadamu yanayopamba tovuti za kampuni. Pfizer, iliyoinunua Hospira mwaka 2015, iliwekea dawa saba masharti ya namna hiyo Mei 2016.

Huruma ipo, lakini hesabu nayo ipo. Gereza hununua vichupa vya kuhesabu. Hospitali hununua makasha kwa makasha. Jimbo la Missouri lilipotaka kuua kwa propofol, nayo dawa ya nusukaputi, mwaka 2013, hofu ilikuwa kwamba Umoja wa Ulaya ungebana usafirishaji wake, na vyumba vya upasuaji vya Marekani vinategemea propofol ya Fresenius Kabi ya Ujerumani. Gavana akaahirisha kutekeleza hukumu. Mteja mdogo alikuwa karibu kumfungia duka mteja mkubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni mkasa wa Naari, kampuni ya Uswisi. Ilimkabidhi dalali mmoja wa India sampuli za thiopental zikajaribiwe Zambia, mahali ambapo dawa hiyo ingemlaza mgonjwa kabla ya kisu. Zikaibukia kwa magereza ya Nebraska, jimbo la Marekani. Naari ikaandika barua mwaka 2011 kudai mali yake irudishwe.

Mahakama si kimbilio la uhakika. Agosti 2018 Fresenius Kabi iliishtaki Nebraska hiyohiyo kuzuia dawa zake zisitumike kuua, ikashindwa, na mfungwa akauawa. Majimbo mengine yametunga sheria za kuficha jina la muuzaji, na baadhi yanachanganyishiwa dawa na wafamasia wasiojulikana.

Alabama imeachana na sindano kwa baadhi ya wafungwa. Januari 2024 ilimuua mmoja kwa naitrojeni, gesi inayouzwa kwa mitungi viwandani na kwa wasindikaji wa vyakula. Airgas, mmoja wa wauzaji wakubwa wa mitungi hiyo, imeshasema haitauza kwa kazi hiyo.