Karatasi Ikikawia, Maisha Husimama

Mwaka 2010 serikali yetu iliridhia watu 162,156 wawe raia wa Tanzania. Hata hivyo, vyeti vya kuthibitisha uraia huo havikuanza kutolewa hadi Oktoba 2014. Wengi wa watu hao waliishi Katumba na Mishamo, makazi yaliyokuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Waliobaki waliishi Ulyankulu, mkoani Tabora. Ni jirani zetu, na habari yao ina mafunzo kwa kila nyumba.

Watu hawa walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima, wakazaa na kujukuu. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana kuwapa hiari ya kurejea kwao au kuomba uraia. Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki.

Maombi yakajazwa, majalada yakapita ngazi zake, na uamuzi ukatoka. Kikwazo kilikuja baada ya hapo. Vyeti vilifungamanishwa na sharti la kuhama makazi hayo na kutawanyika katika mikoa mingine. Mpango wa kuhama ukasimamishwa mwaka 2011, na vyeti navyo vikabaki bila kutolewa.

Ndugu msomaji, tafakari hali hiyo. Mtu ametakiwa kuukana uraia wa Burundi, ukimbizi wake umehesabiwa kuwa umekoma, na uraia mpya hauna ushahidi mkononi mwake. Kijana anayetaka kwenda kutafuta kazi ataonesha nini njiani? Baba wa familia atajengaje nyumba ya matofali mahali anapoambiwa atahama, ilhali siku ya kuhama haijulikani? Miaka minne ni umri wa mtoto kutoka kunyonya hadi kukaribia kuanza shule.

Tunajifunza kwanza kwamba mrundikano wa karatasi hausababishwi na uvivu wa masjala peke yake. Wakati mwingine jalada limekamilika, lakini amri inayolifungua haijatoka juu. Kwa hiyo anayefuatilia na aulize kwa adabu swali lililo wazi: jalada liko kwa nani, na linasubiri nini? Nao wasomaji wetu walio watumishi wa umma wakumbuke kuwa kila bahasha mezani ni amana. Jibu la kwamba jambo bado, pamoja na sababu yake, humpunguzia mtu safari na nauli, hasa yule anayepanda kutoka Bonde la Rukwa au Kasanga kuja mjini.

Pili, tutazame nyumba zetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Umma uliofundishwa hivyo haufai kuwa wa mwisho kutunza hati. Mtoto aandikishwe na kupatiwa cheti cha kuzaliwa mapema. Jina liandikwe namna moja kila mahali, kwani Hadija wa cheti cha kuzaliwa na Khadija wa cheti cha shule ni watu wawili mbele ya afisa, na kuwaunganisha huhitaji kiapo na siku za ziada. Kila ombi libaki na nakala nyumbani, pamoja na stakabadhi ya malipo na tarehe ya kuliwasilisha. Anayenuia Hijja aanze kushughulikia pasipoti mapema, asisubiri mwezi wa safari. Aidha, vishoka waepukwe, maana hati iliyopatikana kwa njia ya panya humgeukia mwenyewe.

Tatu, tusimwache jirani aliye katika kungoja. Asiyejua kusoma asaidiwe kujaza fomu bila malipo, na mjane aliyepoteza hati za mumewe asindikizwe ofisini. Wenzetu wa Katumba na Mishamo walivumilia pamoja, wakaendelea kulima na kusomesha watoto hadi vyeti vilipofika. Subira yao ni ya kuheshimiwa, lakini isiwe kisingizio cha kuwangojesha wengine. Wiki hii, baada ya chakula cha usiku, kila mzazi afungue sanduku la hati na kuzikagua pamoja na mwenziwe.