Mwalimu Anayetafuta Kazi Katika Shule za Kimataifa Ughaibuni

Shule za kimataifa zilizaliwa kwa ajili ya watoto wa watu wanaohamahama kikazi. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 ili isomeshe watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Hapa Afrika Mashariki, International School of Tanganyika ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Siku hizi sura ya shule hizi imebadilika, na katika miji mingi ya Asia wanaojaza madarasa ni watoto wa wenyeji wenye uwezo. Neno “kimataifa” nalo limekuwa la biashara, kwa kuwa yeyote anaweza kulichora kwenye lango la shule yake. Kwa hiyo mwalimu hutazama kwanza mtaala unaofundishwa na chombo kinachoikagua shule. Mitaala inayotawala ni ya Cambridge, ya Uingereza, ya Marekani, na ya International Baccalaureate, au IB, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968.

Mtaala ndio mlango wa mwalimu wa Kenya, Tanzania au Uganda. Aliyefundisha fizikia ya IGCSE ya Cambridge kwa miaka miwili Nairobi, Arusha au Kampala husikilizwa kabla ya mwenye miaka kumi ya mtaala wa taifa pekee, hata kama huyo wa pili ni hodari zaidi darasani. Si haki, lakini ndivyo waajiri wanavyopima. Ndiyo maana walimu wengi hupita kwanza katika shule za kimataifa za nyumbani, ambako huujua mtaala na kupata wadhamini ambao maneno yao yatathaminiwa huko ng’ambo.

Ubaguzi wa pasipoti nao upo, na ni heri kuujua mapema. Matangazo mengi ya kufundisha Kiingereza humtaka raia wa nchi chache zinazohesabiwa kuwa za wenye lugha hiyo, na Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza huachwa nje. Walimu wa hisabati, sayansi na kompyuta hukutana na kizuizi hicho mara chache zaidi. Kiswahili pia kina nafasi zake, ingawa ni chache: mwanafunzi wa Diploma ya IB anaweza kusoma fasihi ya lugha ya kwao, na shule isiyo na mwalimu wa lugha hiyo humtafutia mkufunzi, mara nyingi kupitia intaneti.

Jambo linalowakosesha wengi ni kalenda. Shule nyingi za kaskazini mwa dunia hufungua mwaka wa masomo Agosti au Septemba. Kuanzia Oktoba huwauliza walimu wao nani anabaki na nani anaondoka, na nafasi nyingi hutangazwa kati ya Novemba na Machi. Zinazotoka Mei na Juni huwa ni za dharura, na shule ikiajiri mbiombio mwombaji ana sababu ya kuuliza kwa nini. Katika shule za mtaala wa taifa za Kenya na Tanzania, mwaka wa masomo huanza Januari. Mwalimu anayeitwa Dubai mwezi Agosti anaacha darasa lake la nyumbani katikati ya mwaka, basi inafaa azungumze na mwalimu mkuu wake mapema, tena kwa uwazi, kwa sababu huyo ndiye atakayeulizwa na shule inayoajiri.

Barua ya sifa aliyokabidhiwa mwombaji mkononi haina uzito tena. Shule makini humwandikia mkuu wa sasa moja kwa moja na kumuuliza kama angemwajiri tena mwalimu huyo, na kama kumewahi kuwa na shaka yoyote kuhusu mwenendo wake na watoto. Kwa sababu hiyohiyo hutakiwa cheti cha polisi, mara nyingi kutoka kila nchi alikowahi kuishi. Kwenye usaili, swali kuhusu ulinzi wa mtoto halikosekani: mwanafunzi akimweleza mwalimu siri ya kudhulumiwa nyumbani, afanye nini? Anayejibu kwamba ataitunza siri hiyo huenda amekwisha kuikosa kazi, kwani jibu linalotakiwa ni kuiripoti siku hiyohiyo kwa mhusika wa ulinzi wa watoto shuleni.

Vyeti navyo vina safari yake. Kwa Falme za Kiarabu, yaani Emirates, cheti cha shahada huthibitishwa na mamlaka za nchi kilikotolewa, kisha ubalozi wa Emirates, na mwishowe wizara ya mambo ya nje ya huko. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na asiyeianza mpaka apate barua ya ajira hukimbizana na siku.

Katika haraka hiyo ndimo matapeli wanamoingia. Huahidi nafasi bila usaili wa ana kwa ana au wa video, huandika kwa barua pepe isiyo ya shule, kisha hudai ada ya viza. Sheria ya kazi ya Emirates iliyoanza kutumika Februari 2022 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na pia kuzuia nyaraka zake kama pasipoti. Hakuna sababu ya familia kuuza kiwanja ili mwalimu apewe kazi. Akiambiwa aingie kwa viza ya utalii na kwamba kibali kitafuata, na asikubali mpaka kibali cha kazi kiwe kimeshughulikiwa.

Mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili. Shule nzuri hutoa nyumba au posho yake, tiketi ya ndege, bima ya afya, na nafasi ya mtoto wa mwalimu kusoma bure au kwa punguzo. Mwombaji huuliza vilevile idadi ya vipindi kwa wiki na wanafunzi kwa darasa. Kwenye mshahara, kinachostahili kusomwa kwa makini ni mstari wa mshahara wa msingi. Emirates, kiinua mgongo cha mgeni aliyetimiza angalau mwaka mmoja kazini hukokotolewa kwa mshahara huo peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Mwenye msingi wa dirham 6,000 akitumikia miaka 2 hupata dirham 8,400. Mwenzake anayepokea jumla ileile kwa mwezi, lakini msingi wake ni 3,000 na zilizobaki ni posho, huondoka na dirham 4,200.